Babu Hakuruka kwa Parachuti

Kama umeitazama The Pacific, huwezi kuisahau Peleliu. Kisiwa kidogo, jua kali, mawe yanayochoma, maji ya kunywa hayapo, na vijana wa Kimarekani wanakimbia kuvuka uwanja wa ndege huku mizinga ikiwapiga. Mapigano hayo yalianza tarehe 15 Septemba 1944. Tamthilia imeyapa sehemu tatu nzima kati ya kumi, na ukimaliza kuzitazama unajisikia umechoka kana kwamba na wewe ulibeba bunduki.

Sasa turudi kwenye kalenda. Septemba hiyohiyo ya 1944, katika vita hivyohivyo dhidi ya Japani, divisheni nzima ya wanajeshi kutoka pande zetu ilikuwa inateremka Bonde la Kabaw, Burma, mvua za msimu zikiwanyeshea usiku na mchana. Walikuwa watu wa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Amri nyingi walipewa kwa lugha hii unayoisoma sasa hivi. Katika tamthilia zote kubwa za vita nilizotazama, na nimetazama nyingi, sijawahi kuwaona hata wakipita kwa nyuma.

Mmoja wao alikuwa babu yangu, mzaa baba.

Nataka niandike mambo mawili. La kwanza, tamthilia hizi zimenisaidia kumwelewa babu, na sitaki kujifanya eti ni burudani tupu. La pili, zisipowekewa mipaka zinatuibia mzee wetu huku tunashangilia.

Mimi ni wa kizazi cha vibanda umiza. Sinema za vita tulizijua kwanza kwa sauti ya wasimulizi kama Lufufu, waliomfanya komandoo wa Kimarekani aongee Kiswahili cha mtaani. Baadaye ukaja wakati wa flashi. Band of Brothers ilizunguka bweni zima chuoni, imenakiliwa na kunakiliwa tena, miaka mingi baada ya HBO kuirusha kwa mara ya kwanza Septemba 2001. Siku hizi ni bando lako tu na subira yako.

Kilichonishika katika Band of Brothers hakikuwa mabomu. Ni wale wazee. Karibu kila sehemu inaanza na wazee wa kweli wa Kampuni ya Easy, Kikosi cha 506 cha askari wa miavuli, wamekaa mbele ya kamera wakizungumza. Majina yao hayaandikwi. Unamwona mzee anameza mate, anatazama pembeni, anashindwa kumaliza sentensi. Hujui ni nani kati ya wale vijana unaowatazama wakikimbia kwenye theluji. Majina yanatajwa sehemu ya mwisho kabisa, na hapo ndipo unapojua nani alibaki hai kuja kusimulia.

Nilipowaona wale wazee nilimkumbuka babu papo hapo, kwa sababu na yeye alikuwa anatazama pembeni hivyohivyo. Tofauti ni kwamba mbele yake hakukuwa na kamera. Tulikuwa sisi wajukuu, tunamuuliza swali ambalo watoto wote huuliza: "Babu, uliua Wajapani wangapi?" Jibu lake lilikuwa moja miaka yote: "Vita si ngano ya watoto." Kisha anakuuliza umekuwa wa ngapi darasani.

Alifariki nikiwa sekondari. Aliyowahi kuyasema kuhusu Burma, aliyoiita "Bama", yanaingia kwenye ukurasa mmoja wa daftari: tope, ruba, na vidonge vya njano. Alirudi na medali ya Nyota ya Burma, yenye pembe sita na utepe wa bluu, nyekundu na rangi ya chungwa. Alirudi pia na tabia ya kukunja blanketi kama anayesubiri ukaguzi. Medali iko kwa baba mdogo, kwenye kopo la maziwa ya unga, pamoja na hati ya shamba.

Na ni baba mdogo aliyenifanya niandike makala haya.

Baba mdogo ni msimulizi wa ukoo. Kwenye kila sikukuu, watoto wakishashiba, yeye ndiye anayeletewa kiti. Miaka ya karibuni, tangu kijana wake aanze kumwekea tamthilia kwenye televisheni, hadithi ya babu imenawiri. Babu sasa anaruka kutoka kwenye ndege usiku. Anatua msituni nyuma ya Wajapani. Anatoa kisu. Watoto wanatoa macho, na kesho yake wanawaambia wenzao shuleni kwamba babu yao alikuwa komandoo wa miavuli.

Sasa, askari wa miguu wa King's African Rifles, hao tuliowaita Keya, hawakushushwa Kabaw kwa miavuli. Walitembea. Kwa hiyo siku moja, tukiwa wawili tu, nilimuuliza kwa adabu: "Shikamoo baba mdogo. Hivi babu alikwambia mwenyewe kwamba aliruka?"

Alifikiri kwa muda mrefu. "Alisema miavuli ilikuwa inashuka. Kila baada ya siku mbili tatu. Wanaitazama juu wanashangilia."

"Ilikuwa inashuka na nini?"

Akanyamaza, kisha akacheka. "Na mchele, bwana. Mchele na biskuti za kopo."

Kwa hiyo mzee wangu hakuwa anadanganya. Miavuli ilikuwepo kweli kwenye masimulizi ya babu. Kilichotokea ni kwamba kumbukumbu ilikuwa na picha moja halisi isiyo na maelezo, na tamthilia ikaja na maelezo tayari, mazuri, yenye muziki. Picha ya babu ikaingia ndani ya hadithi ya Kampuni ya Easy, ikapotelea humo.

Inasikitisha zaidi kwa sababu hadithi yenyewe ya miavuli ya mchele ni kubwa. Tuisimulie basi jinsi ilivyokuwa.

Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1943. Alama yake begani ilikuwa kichwa cha kifaru. Kifaru mnyama, si kile cha chuma. Ilikuwa na brigedi tatu, ya 21, ya 25 na ya 26, na ndani yake mlikuwa na batalioni mbili za Tanganyika, ya 26 na ya 36. Wanaume hawa walipelekwa kwanza Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, kufundishwa vita vya msituni. Walikuwa sehemu ya Jeshi la 14 la Jenerali William Slim, jeshi ambalo askari wake wenyewe walilitania kuwa ni jeshi lililosahauliwa, kwa sababu magazeti ya London yalikuwa yanatazama Ulaya. Kama Waingereza walijiona wamesahauliwa, Mngoni na Mkamba waliokuwa nao tuwaweke kundi gani?

Katikati ya mwaka 1944 Wajapani walishindwa Imphal na Kohima, kwenye mpaka wa India, wakaanza kurudi nyuma wakiwa na njaa na magonjwa. Kazi ya kuwafuata kwa kupita Bonde la Kabaw ilipewa Divisheni ya 11. Mwanzoni mwa Agosti waliingia mji wa Tamu na kukuta maiti za Wajapani zimezagaa majumbani na barabarani. Wengi walikuwa wamekufa kwa njaa na maradhi, si kwa risasi.

Bonde lile lilikuwa na sifa mbaya tangu zamani; askari waliliita Bonde la Mauti. Malaria ilikuwepo, pamoja na homa kali inayoenezwa na utitiri wa porini. Vile vidonge vya njano vya babu ni mepacrine, dawa ya kuzuia malaria, ambayo ukiimeza kila siku inakugeuza ngozi na hata weupe wa macho kuwa manjano. Barabara ilikuwa tope. Gari likizama linavutwa kwa kamba, na kamba ikikatika linaachwa. Ndiyo maana chakula kilitoka angani. Ndege za Dakota ziliruka chini juu ya mawingu ya mvua, zikitafuta upenyo, zikiangusha magunia na makasha kwenye uwazi mdogo uliofyekwa kwa mapanga. Ndege isipopata upenyo, siku hiyo hakuna kula. Ukijua hilo, unaelewa kwa nini watu wazima wenye bunduki walishangilia miavuli.

Katikati ya Novemba walifika Kalemyo, wakakutana na Divisheni ya 5 ya India iliyotokea upande wa Tiddim. Tarehe 2 Desemba 1944 waliingia Kalewa, ukingoni mwa mto Chindwin. Siku chache baadaye wahandisi wakatandaza juu ya mto ule daraja la chuma la aina ya Bailey, lenye urefu wa futi zaidi ya 1,100, ambalo wakati huo lilitajwa kuwa refu kuliko yote ya aina yake duniani. Kwa daraja hilo Jeshi la 14 likavuka kwenda kuikomboa Burma ya kati. Tamthilia ingeweza kuishia hapo pazuri kabisa: mto, daraja, mawio, vijana wa Songea na Machakos wakitazama malori yakipita kwenda mbele.

Kama kuna mtu anatafuta sehemu ya kwanza ya tamthilia hiyo, nayo ipo. Februari 1944 msafara wa meli uliondoka Kilindini, Mombasa, kuelekea Colombo. Ndani ya meli Khedive Ismail mlikuwa na watu 1,511, wengi wao wapiga mizinga wa Kikosi cha 301 cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi wa kike. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldives, manowari ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido. Meli ilizama kwa muda usiofika dakika mbili. Manowari ikajificha chini ya watu waliokuwa wanaelea, na meli za kivita za Uingereza, Petard na Paladin, zikaangusha mabomu ya majini mahali hapohapo ili kuiua, huku baadhi ya walionusurika wakiwa bado majini. Walikufa watu 1,297. Ni moja ya misiba mikubwa kabisa ya baharini kwa Washirika katika vita ile, na nyumba nyingi zilizofiwa zilikuwa za huku kwetu. Nimewauliza marafiki wengi wanaopenda historia. Titanic wanaijua chumba kwa chumba. Khedive Ismail hawajawahi kuisikia.

Kwa nini basi Peleliu ina sehemu tatu na Kabaw haina hata moja?

Jibu la haraka ni pesa na rangi, na si jibu la uongo. Katika Masters of the Air ya mwaka 2024, marubani weusi wa Tuskegee wanaingia sehemu ya nane, na tamthilia ina sehemu tisa. Lakini kwa sisi tunaopenda vitabu kuna jibu la pili, na linatuhusu zaidi. Tamthilia hizi hazikuzaliwa studio. Zilizaliwa kwenye karatasi. The Pacific imesimama juu ya kumbukumbu za askari wawili wa kawaida, Robert Leckie aliyechapisha kitabu chake mwaka 1957, na Eugene Sledge aliyechapisha mwaka 1981. Sledge alikuwa anaandika vidokezo kwa siri na kuvificha ndani ya Agano Jipya lake la mfukoni. Band of Brothers ilitokana na kitabu cha Stephen Ambrose cha mwaka 1992, ambacho nacho kilitokana na mahojiano na wale wazee. Mtu aliandika, mtu akauliza, ndipo kamera ikafuata.

Kwetu walioandika ni wachache, ingawa si kwamba hakuna. Robert Kakembo wa Uganda alichapisha mwaka 1946 kijitabu cha mawazo ya askari Mwafrika. Gerald Hanley, mzungu aliyekuwa na divisheni ile, aliandika Monsoon Victory mwaka huohuo. Waruhiu Itote, ambaye dunia inamjua kama Jenerali China wa Mau Mau, alipigana Burma, na katika kitabu chake cha mwaka 1967 anaeleza jinsi safari ile ilivyombadilisha. Ngũgĩ, katika Weep Not, Child, anatupa Boro, aliyerudi kutoka vitani akiwa kimya na mwenye uchungu, na kaka yake Mwangi ambaye hakurudi. Biyi Bandele wa Nigeria aliandika riwaya nzima, Burma Boy, mwaka 2007, kuhusu askari wa Afrika Magharibi. Na sisi wa Kiswahili tuna Shaaban Robert, ambaye Utenzi wa Vita vya Uhuru wake uliitia vita yote ya 1939 hadi 1945 kwenye beti. Ulichapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kifo chake. Ni kazi kubwa, lakini ni kazi ya mtu aliyeitazama dunia nzima kutoka Tanganyika. Askari wa kawaida akisema kwa Kiswahili chake, "nililala hapa, nikala hiki, nikaogopa hivi", huyo ndiye tunayemkosa.

Na walikuwa wengi. Waafrika Mashariki zaidi ya 320,000 waliingia jeshini katika vita ile. Jiulize ni kumbukumbu ngapi ziko kwenye rafu yako.

Ukimya wao una sababu. Barua zilipita kwa mkaguzi kabla ya kufika nyumbani, kwa hiyo mtu alijifunza kuandika "sisi wazima, salamu kwa wote" na kuishia hapo. Maofisa karibu wote walikuwa Wazungu, na ndio waliokuwa na kalamu na muda. Na kurudi kwenyewe hakukuwa kwa kusimulia. Mwaka 2019 Al Jazeera iliripoti nyaraka zinazoonyesha kwamba katika kiinua mgongo cha vita, mwanajeshi mzungu wa makoloni aliweza kupata hadi mara tatu ya Mwafrika wa cheo kilekile. Babu hakuhitaji nyaraka kulijua hilo. Bibi alikuwa na usemi wake, alipomwona mzee anaing'arisha ile nyota: "Ingekuwa bati tungeezekea jiko." Miaka mitatu baada ya kutoka Burma, babu alikuwa Kongwa, kwenye ule mradi wa karanga ulioanza 1947 na kufa 1951, anasimamia vibarua kwa kelele za kijeshi. Huo ulikuwa uwanja wake wa kusherehekea ushindi.

Kuna waliogeuza ukimya huo kuwa mtaji. Idi Amin alipenda kujulikana kuwa alipigana Burma, ilhali kumbukumbu zinaonyesha aliingia Keya mwaka 1946, vita ikiwa imeshakwisha. Jina la Burma lilikuwa na heshima kubwa, na waliokuwa na haki nalo hawasemi, kwa hiyo likawa kama koti lililosahauliwa kwenye msumari. Yeyote anaweza kulivaa. Hapo ndipo ninapoiona hatari ya parachuti ya baba mdogo. Tukimvalisha babu hadithi ya mtu mwingine, hata kwa mapenzi, siku mjukuu atakapokuja kujua kwamba Keya hawakuruka, atadhani kila kitu kilikuwa uongo: medali, Kabaw, hata babu mwenyewe.

Sijaacha kutazama tamthilia za vita na sitaacha. Zimenifundisha maswali. Nisingejua kuuliza kuhusu viatu vilivyolowa, kama nisingewaona vijana wa Easy wakiugua miguu Bastogne. Nisingeelewa ule mkunjo wa blanketi. Ninachokataa ni tamthilia kujibu maswali iliyonifundisha kuuliza. Majibu ni yetu.

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya majina kwenye intaneti, na yeyote anaweza kutafuta bure. Kwenye makaburi ya Taukkyan, nje ya Yangon, kuna Mnara wa Kumbukumbu wa Rangoon wenye majina karibu 27,000 ya waliokufa Burma bila kaburi linalojulikana. Andika "King's African Rifles" halafu usome majina polepole. Utashangaa ni majina mangapi unayajua kutoka darasani kwako.

Lakini kabla ya intaneti kuna kiti cha baba mdogo. Yeye mwenyewe ana miaka zaidi ya sabini, na ndiye wa mwisho kwetu aliyelala chumba kimoja na babu na kumsikia akiongea usingizini. Nimeanza kumrekodi kwa simu. Nimeacha maswali ya "aliua wangapi". Namuuliza babu alipanda meli gani, alikula nini siku ndege haikuja, rafiki yake alikuwa kabila gani na walielewana vipi, malipo yake ya mwisho aliyanunulia nini. Haya anayajibu bila kuongeza chumvi, kwa sababu hakuna tamthilia iliyowahi kumfundisha majibu yake. La malipo nimeshalipata: ng'ombe jike mmoja, na kanga mbili za bibi.

Kama na kwenu kuna kopo lenye medali, usisubiri HBO. Nenda na soda mbili, amkia, kaa chini, uliza alichokula.